Fundi Mudathiru na Kitunguu cha Majini

Kuna watu wenye kinyaa, na kuna Mudathiru. Mtaa mzima wa Mbugangari ulimjua fundi huyu aliyewapima wateja kwa futi bila kuwagusa, ameshika utepe kwa ncha za kucha kana kwamba kila mwili wa binadamu una upele. Suruali ya kupunguzwa hakuipokea mpaka ipite kwenye maji na sabuni. Aliyeleta nguo yenye jasho alirudishwa nayo mlangoni, tena mbele ya watu. Kikombe chake cha chai alitembea nacho mfukoni, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akialikwa harusi alikula kwake kwanza, akifika huko anapokea sahani, anaugeuzageuza wali wa watu, kisha anairudisha. Ukimpa mkono naye ameshatawadha, anakupa kiwiko.

Alizaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kiislamu wa hapo mjini. Babu yake aliuza vitambaa, baba yake aliuza vitambaa, yeye akaona bora avishone. Cherehani alijifunza ng'ambo ya mpaka, Goma, kwa mjomba wake, akarudi na kuweka mashine yake kwenye baraza ambayo bado anaikalia leo akiwa na miaka sitini na miwili, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, kucha zimekatwa kila Alhamisi. Na watu walimsifu! Viongozi walipopita kukagua usafi wa nyua, ua wa Mudathiru ulitajwa mkutanoni kuwa mfano, naye akakaa wima kitini kama bwana harusi. Nyani haoni kundule. Aliona uchafu wa kila mtu, ila hakuona jinsi watu walivyotoka barazani kwake wakijinusa makwapa.

Aliyeishi na hayo yote kwa miaka thelathini na mitatu ni mkewe, Nadra. Naye alikuwa fundi, wa mapazia na mashuka, na wateja wake walikuwa nyumba za wageni za mtaa wa Nengo. Bibi mmoja mzee aliyekuwa na nyumba ya wageni huko aliifunga, akarudi kwao, akamwachia Nadra tangi la kioo lililokuwa mapokezi. Samaki walikuwa wameshakufa. Ndani mlibaki konokono wachache, mchanga mweusi wa volkano, na mmea mmoja uliochipuka kutoka kwenye kitu kama kitunguu: kibonge cha kahawia, chenye vinywele, kinachoteleza kikishikwa. Nadra alilileta tangi nyumbani kwa mkokoteni, amelikumbatia njia nzima lisipasuke.

“Hii choo ya konokono haiingie mu salon yangu,” Mudathiru alisema.

Basi sebuleni halikuingia, likawekwa kwenye ukumbi wa nyuma, chini ya dirisha, na Nadra akalitunza miaka sita. Asubuhi akishaswali alikunja mkono wa gauni mpaka begani, akauzamisha mkono majini, akalikata kwa kucha jani lililoanza kuoza, akayafuta mengine ute kwa kidole gumba. Maji hakuyabadilisha yote. Alipunguza theluthi, akaongeza ya mvua yaliyolala ndooni siku moja. Kibonge hakukifukia kizima. Nusu ilikaa ndani ya mchanga na nusu nje, kipumue. Uchafu wa konokono hakuutoa, aliusogeza kwenye mizizi. Mvua za masika zikinyesha, majani yalirefuka, yamejikunja pembeni kama pindo la gauni lililovutwa uzi, kisha kijiti kikapanda mpaka juu ya maji na kutoa vijiua vyeupe. Kiangazi kikiingia majani yote yalikufa na kitunguu kikalala miezi miwili. Mudathiru alipita hapo mara tano kwa siku akienda kutawadha, ameziba pua kwa mkono wa kanzu, na hakutazama hata mara moja.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Nadra alianguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kushoto ukafa na ulimi ukawa mzito, ila akili ilibaki kali vilevile. Hospitalini walimweka wiki tatu, wakasema sasa arudi kwake. Siku ile ile ya kurudi, kabla ya adhuhuri, alijichafua kitandani.

Kilichofuata tukiseme bila kukipaka sukari. Mudathiru aliisikia harufu, akaja mpaka mlangoni mwa chumba, akatazama, akakunja uso, akageuka na kutema mate uani. Alitema kama anavyotema akipita mzoga wa mbwa barabarani. Kisha akatoka kwenda kumwita jirani, Mukashyaka, muuza dagaa waitwao sambaza, mwanamke ambaye kwa miaka kumi Mudathiru alikuwa akimfukuza asiegemee ukuta wake kwa sababu ya harufu ya samaki. Mukashyaka akaja, akamwosha Nadra, akatoa mashuka, akayafua, akaanika, akaenda zake. Uso ule mlangoni Nadra alikuwa ameuona, na mate yale alikuwa ameyasikia yakitua kwenye saruji. Alasiri aliomba simu, akampigia binti yao Rayhana, aliyeolewa Kigali, aje amchukue.

Kesho yake Rayhana alifika na gari. Mama yake akaegemezwa mito kiti cha nyuma.

“Baba, Mama hawezi kukaa fasi wanamutemea mate,” alisema Rayhana, ameshika mlango wa gari. “Mi najua we uko mutu safi. Lakini ule ni bibi yako, haiko takataka.”

Nadra alimtazama mumewe, na alichokisema hakikumhusu yeye wala mate.

“Uniangalilie kitunguu yangu,” alisema, polepole, neno kwa neno.

Gari likaondoka. Nyumba ikawa safi kuliko ilivyowahi kuwa, na usafi wenyewe ukamkaa kooni. Hapakuwa na nyuzi za mapazia sakafuni za kukemea. Hapakuwa na cherehani ya pili. Alimkosa mkewe kama mtu aliyeng'oka jino, ulimi hauachi kupapasa pengo. Alitaka Nadra arudi, basi, hakutaka kingine chochote duniani, na njia pekee ya kutaka kitu aliyoijua yeye ilikuwa kusafisha. Akaanza na tangi.

Alijifunga kitambaa puani na kusimama mbele yake. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Kioo kilikuwa na ute wa kijani, na juu ya ute konokono mmoja alikuwa akitambaa, tumbo lake lote limegandamana na kioo, mdomo unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba. Mwili ukamsisimka Mudathiru kuanzia kisogoni. Akaenda dukani akanunua javeli, dawa kali ya kung'arisha nguo, akamimina kifuniko kimoja, na cha pili kwa kujihami. Kesho yake konokono wote walikuwa wanaelea, nyama zimechomoza kwenye magamba kama kamasi, na uvundo umepita ule wa jana mara kumi. Akawachota kwa kijiko kirefu, akawatupa na kijiko chao. Maji akayamwaga yote, akajaza ya bomba. Baada ya siku chache majani nayo yakaanza. Hayakunyauka kama ya bustanini, yaliyeyuka. Yakawa uji wa kahawia unaoning'inia, ukiguswa tu unakatika.

Aliyemshauri ni Sebagabo, mkulima wa milimani Bugeshi aliyeshusha viazi Mbugangari kila Jumanne na kuleta suruali zake zitiwe viraka, zimefuliwa, bila shaka. Sebagabo aliinama akachungulia tangi, akapiga kofi la mshangao.

“Ayi we! Fundi, ile kiazi iko uchi! Kiazi ikiona jua inakuwa kijani, inakuwa sumu. Kwetu tunaipandishia udongo mara mbili, mara tatu. Funika ile kitu.”

“Nadra alikuwa anaiachaka nusu inje.”

“Nadra ni mama ya cherehani. Mi niko mu viazi tangu nizaliwe.”

Ushauri huo ulimfurahisha Mudathiru, na sababu yake haikuwa ya kilimo. Kibonge chenyewe kilikuwa kikimchefua: vinywele vyake, ute wake, namna kilivyokaa pale nusu uchi kama kitu kisichostahili kuonekana na wageni. Kukifukia ni kukiondoa machoni. Akaleta mchanga mwingine mweusi, akauosha mara saba, akaumimina kwa kopo mpaka kibonge kikazama, akaongeza kopo jingine, akasawazisha juu kwa rula ya kukatia vitambaa. Tangi likapendeza. Maji meupe, mchanga mweusi, na hakuna kitu. Siku hiyo alisimama mbele yake bila kuziba pua, akajiona mlezi.

Kila Alhamisi Nadra alimpigia kwa simu ya Rayhana, na kila Alhamisi swali lilikuwa lile lile.

“Kitunguu iko aje?”

“Iko muzuri. Majani ya kijani.”

Alisema hivyo mwezi wa nne, akasema hivyo mwezi wa tano. Kwanza alidanganya kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Wakati huo chini ya mchanga kitu kilikuwa kimeanza kazi yake. Vipovu vilipanda kimoja kimoja na kupasuka juu, na kila kipovu kilitoa pumzi ya yai viza. Juu ya maji ukaota utando wenye mafuta, kama ule wa mchuzi uliolala siku mbili. Mudathiru akafungua dirisha. Akahamisha zulia lake la kuswalia. Mwisho akanunua ubani, akafukiza ukumbi mzima asubuhi na jioni, na nyumba ikanuka mayai viza yaliyofukizwa ubani. Wahenga walishasema, la kuvunda halina ubani. Wateja waliofika barazani wakaanza kuzungumza wakiwa wamesimama mbali, nao wamekunja pua, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: Mudathiru ananuka!

Mwezi wa sita, Alhamisi moja baada ya adhuhuri, simu ikalia.

“Kitunguu iko aje?”

“Iko muzuri tu.”

“Iko na majani ngapi?”

“Kumi… kumi na mbili.”

Nadra aliihesabu miezi kwanza.

“Baba Rayhana,” alisema, “mu mwezi ya sita ile kitunguu haikuwaka na majani. Inalalaka. Miaka sita unapita pale karibu yake. Haujaiangaliaka hata siku moja?”

Mudathiru alikaa kwenye kiti cha cherehani.

“Sasa sema kweli.”

“Inanuka,” alisema. “Niliifunika na mchanga. Inanuka sana, Mama Rayhana. Inanuka kupita… kupita kila kitu.”

“Inaoza. Haiwezi kupumua. Ingiza mukono, uitoshe inje.”

“Na kijiko?”

“Kijiko itaipasua. Mukono.”

“Na gants ya mikono?”

“Hapana gants. Kidole njo inajua fasi yenye kuoza na fasi yenye iko muzima. Finya polepole. Yenye iko teketeke, kata, tupa. Kama kunabaki kipande nguvu, osha, weka mu bakuli ya kioo na maji ya mvua, na usiifunike tena. Kila siku badilisha maji, kila siku ufinye.”

Kisha Rayhana akachukua simu, na yeye hakuzunguka mbuyu. “Baba, mwisho wa mwezi ya saba namuleta Mama. Anataka kuona nyumba yake. Lakini sikia: kama ni ule uso wa siku ile, tunarudi naye siku ile ile, na bitu byake byote tunabeba. Sitamuleta tena.”

Mudathiru aliirudisha simu mfukoni na kwenda ukumbini. Akalitazama tangi. Halafu, mjue mtu huyu alivyo, akatoka akavuka barabara mpaka kwa Mukashyaka, aliyekuwa anaanika sambaza kwenye wavu.

“Mama, naomba msaada. Kuko kitu imeoza, ya kutosha inje ya maji. We unazoea harufu…”

Mukashyaka hakuinua kichwa. Alisambaza samaki wake mpaka kona ya mwisho ya wavu.

“Muzee, mi nilishakuoshea bibi,” alisema. “Kitunguu ujioshee.”

Hakupata kutukanwa hivyo maishani, tena na muuza samaki. Akarudi nyumbani. Akavua kanzu, akabaki na fulana. Akachukua wembe wa kufumulia mishono, bakuli la kioo, na beseni tupu kwa sababu alijijua. Akafunga kitambaa puani, akasoma bismillahi, akauzamisha mkono.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na hilo hakulitegemea. Alidhani uozo ni baridi. Utando wa mafuta ulipasuka ukamzunguka mkono juu ya kiwiko kama bangili. Vidole vikaingia mchangani, na chini ya mchanga mweusi ulio safi kulikuwa na mchanga mwingine, mweusi zaidi, laini kama masizi ya sufuria, na humo vidole vikakutana na vinywele. Vikateleza. Vikashika. Kibonge kilimbonyea kiganjani kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kitu cheupe kizito kikatoka katikati ya vidole vyake na kupanda juu kwa vipande, na harufu ikapanda nayo, ikapita kitambaa, ikamwingia kinywani. Mudathiru akageuka akatapika kwenye beseni. Mkono mmoja ulikuwa bado majini.

Angeweza kuutoa. Aliwaza kuutoa, amwage vyote chooni, amwambie Nadra kilikuwa kimeshakufa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa amesimama pale na fulana. Akafinya tena, polepole, kama alivyoambiwa. Teketeke. Teketeke. Akatoa mafungu mafungu, akayarundika kwenye gazeti, yakatambaa yenyewe ukingoni. Chini kabisa, kidole gumba kikagusa kitu kilichokataa kubonyea. Kipande kisichozidi kifungo cha koti. Akakikata pembeni kwa wembe mpaka rangi ikawa nyeupe safi, akakiosha, akakiweka kwenye bakuli. Kikaelea.

Alinawa mikono mara saba, na mara moja kwa udongo, kama mtu aliyelambwa na mbwa. Harufu ilibaki kwenye kucha siku mbili. Alikula kwa kijiko.

Tusidanganyane kwamba baada ya hapo Mudathiru alibadilika akawa mtu mwingine. Asubuhi kila alipoamka alilikumbuka bakuli na kujifunika tena shuka. Lakini alikwenda. Alimwaga maji, akakishika kipande kile kidole kwa kidole, akakifuta ute wa usiku ule, na ulikuwa ute kweli, wenye nyuzi. Siku ya nne akahisi upande mmoja umelegea, akaukata kwa wembe, akilalamika kwa sauti peke yake kama mtu anayegombana na mwenye nyumba. Siku ya tisa akaukata tena kidogo. Alikuwa ameshajifunza kutambua: kilichooza kinateleza na kukubali kila kitu, kilicho hai kinasukuma kidole kurudi. Kunawa kukapungua kutoka mara saba hadi tatu. Kinyaa hakikupungua, kilichopungua ni sabuni. Alhamisi alipoulizwa, alijibu ukweli.

“Inanuka bado kidogo. Nimekata tena. Imebaki ndogo sana.”

“Iko nguvu?”

“Iko nguvu.”

“Bon, muzuri,” Nadra alisema, na mara ile hakukata simu haraka.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, ulipokwisha na barabara kufunguliwa, Rayhana aliondoka Kigali na mama yake kwa gari la kukodi. Walifika Mbugangari alasiri. Mudathiru alikuwa amesimama uani tangu adhuhuri, na Mukashyaka alikuja kumpokea jirani yake akiwa na kanga mpya. Dereva alitaka kushusha mabegi. Rayhana akamzuia.

“Ngoja kwanza. Inawezekana tunarudi,” alisema, wala hakupunguza sauti.

Nadra alibebwa akakalishwa kwenye kochi la sebule. Alikuwa amekonda, na kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefungwa na mtu asiyejua anavyopenda kukifunga. Hakuangalia kuta wala mapazia.

“Leta,” alisema.

Mudathiru akalileta bakuli. Rayhana akachungulia. “Ni hii tu njo imebaki?” Nadra akaingiza mkono wake wa kulia, akakishika kile kipande, akakifinya kwa kidole gumba huku amefumba macho. Hakikuwa na jani. Juu yake palikuwa na nukta ya kijani isiyozidi punje ya mtama.

“Iko muzima,” alisema. “Unaikataka vibaya, lakini iko muzima.”

Alikirudisha majini, na alipokuwa anafuta mkono kwenye kanga uso wake ukabadilika. Akatazama sakafu. Safari ilikuwa ndefu, saa nne za kona na milima. Harufu ikafika kwa kila mtu sebuleni, na kila mtu akajifanya hajaisikia, isipokuwa Rayhana, aliyekuwa anamtazama baba yake usoni bila kupepesa.

Mukashyaka akainuka, akakaza kanga kiunoni.

“Kaa, Mama,” Mudathiru alimwambia. “Asante. Kaa.”

Akatandika kanga kuukuu kitandani, akasaidiana na Rayhana kumbeba mkewe mpaka chumbani, kisha akamwomba binti yake atoke. Akachota maji ndoo. Akakunja mikono ya kanzu mpaka mabegani. Akamgeuza Nadra ubavu, polepole, akafungua nguo.

Ilikuwa mbaya. Ilikuwa imeenea mgongoni na mapajani, na ilikuwa imekauka sehemu nyingine tangu njiani. Kitambaa cha kwanza kilichafuka chote kwa mpapaso mmoja. Macho yalimtoka Mudathiru machozi, shavu likamchezacheza bila ruhusa yake. Alijua kwamba Nadra amegeuza shingo na anamtazama usoni, hapo hapo alipomtazama siku ile, na alijua hana uso mwingine wa kumwonyesha. Akaendelea kufuta.

“Unasikia kinyaa?” Nadra aliuliza.

Alikuwa na uwongo tayari mdomoni. Akauacha.

“Ndiyo,” alisema. “Sana.”

“Hata mi,” Nadra alisema. “Najisikiliaka kinyaa kila siku.” Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande ulio hai. “Haikuwa kinyaa yako yenye iliniuma, Baba Rayhana. Kinyaa ni ya kila mutu. Uliniacha pale.”

Mudathiru akasema “Nisamehe,” lakini neno lilipanda pamoja na tumbo lake. Akaweka kitambaa, akatoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, na sebuleni wakamsikia akitapika, mara moja, mara mbili. Rayhana akasimama. Akachukua mkoba wake kochini.

Kisha wakasikia bomba la uani likifunguliwa, na mtu akisukutua. Mudathiru akapita sebuleni na ndoo nyingine mkononi, kanzu imelowa kifuani, macho mekundu, asimwangalie mtu. Akaingia chumbani. Akamwosha Nadra mgongo, mapaja, katikati ya vidole vya mguu uliokufa, akamgeuza upande wa pili, akarudia. Alipapasa kwa kiganja kitupu kuhakikisha hakuna mahali palipobaki, na palipobaki akapaosha tena.

Rayhana alikuwa amekuja mpaka mlangoni, na alimsikia mama yake akisema, kwa ule ulimi mzito, kwa sauti ya ukali aliyokuwa nayo zamani akimkemea mumewe kwa uzi uliokatika:

“Maji iko baridi. Kesho uipashe kwanza.”

Rayhana akageuka, akatoka nje kumwambia dereva ashushe mabegi.